Kuinuka na Kuanguka kwa Mji wa Angkor

Mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa vijana, habari za Angkor, mji mkuu wa kale wa Wakhmer, ambao magofu yake yapo katika nchi ya Kambodia.

Ufalme huo huhesabiwa tangu mwaka 802, Jayavarman wa Pili alipotawazwa juu ya mlima Kulen. Mwishoni mwa karne ya 9 Yasovarman wa Kwanza aliuweka mji wake mkuu Angkor. Katika karne ya 12 Suryavarman wa Pili alijenga Angkor Wat, hekalu kubwa la mawe. Kisha vilitokea vita vikali na Wachamu, taifa ambalo wazao wake walioko Kambodia leo wengi wao ni ndugu zetu Waislamu. Baada ya vita hivyo Jayavarman wa Saba alijenga Angkor Thom, na maandishi ya mawe yataja mahospitali 102 ya enzi yake.

Je, nguvu zote hizo zilitoka wapi? Zilitoka majini. Nchi ile hupata mvua nyingi kwa miezi kadhaa, kisha hukauka. Wakhmer walichimba mifereji na kujenga mabwawa; bwawa la magharibi lina urefu wa kilomita 8 hivi na upana wa kilomita 2. Maji yakahifadhiwa, mpunga ukastawi, na mpunga ndio uliowalisha wajenzi na askari. Zhou Daguan, Mchina aliyefika huko mwaka 1296, aliandika kwamba watu waliweza kuvuna mara tatu au nne kwa mwaka.

Lakini maji yaliyowainua ndiyo yaliyowaangusha. Pete za miti mikongwe ya Vietnam zaonyesha kwamba katika karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15 ukame mrefu ulifuatana na mvua kali mno. Mafuriko yakabomoa kingo, na mchanga ukajaza mifereji. Hata jeshi la Ayutthaya lilipouteka mji, yapata mwaka 1431, lilikuta mji uliokwisha kudhoofika. Watawala wakahamia kusini, upande wa Phnom Penh.

Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi sote hustaajabia minara, wala hatumwulizi azibuaye mifereji. Na kumbe minara yote humtegemea yeye.