Mwenye Hisa na Mwenye Ardhi

Katika kijiji cha Genkuru, wilayani Tarime, ni wachache mno waliopata kushika hati ya hisa mikononi mwao. Hata hivyo, tangu Machi 2010 hadi Septemba 2019, utajiri wa mgodi wa North Mara uliopakana nao ulipimwa kila siku ya kazi katika soko la hisa la London. Mgodi huo ulikuwa mali ya African Barrick Gold, ambayo mwaka 2014 ilibadili jina na kuitwa Acacia. Hisa zake ziliingia sokoni kwa peni 575. Barrick ilipozinunua zote mwaka 2019, wenye hisa walipokea thamani isiyofikia hata nusu ya bei hiyo.

Ni kweli kwamba bei ya dhahabu iliporomoka mwaka 2013. Lakini pigo kubwa lilikuja Machi 2017, Serikali ilipozuia makinikia yasisafirishwe nje. Makinikia hayo hayakutoka North Mara. Yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi. Pamoja na hayo, hisa ya kampuni nzima ilianguka. Ugomvi ule ulimalizika Januari 2020, Serikali ilipopata asilimia 16 ya hisa za migodi na kampuni ya pamoja ya Twiga ikaanza kazi. Hatusemi kwamba Serikali ilikosea kudai haki ya Taifa. Tunasema kwamba mwenye fedha hupima mali iliyomo ardhini, kisha akalipima na neno la mwenye nchi.

Somo hili linawahusu sana ndugu zetu wa visiwani. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam. Katika uchimbaji huo imo Orca Energy, kampuni ndogo ambayo hisa zake zimeorodheshwa Kanada. Kwa miaka mingi wanunuzi wa hisa hizo wamejiuliza maswali mawili. La kwanza, je, TANESCO italipa malimbikizo ya deni lake? La pili, leseni ya miaka 25, iliyotolewa Oktoba 2001 na kupangiwa kwisha Oktoba 2026, itaongezwa au la? Kampuni kubwa ikipoteza kisima kimoja hugeukia kingine. Kampuni ndogo yenye kisima kimoja haina pa kugeukia.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Serikali wayatambue mambo haya. Leseni ikistahili kuongezwa, na iongezwe mapema. Ikiwa haistahili, na ikataliwe mapema, kwa sababu zilizo wazi. Kinachodhuru zaidi ni kimya, kwa maana anayesitasita kuwekeza huacha kutengeneza visima, na kisima kisichotengenezwa ni hasara ya Taifa kabla hakijawa hasara ya mgeni.

Kwa wananchi wa Unguja na Pemba, ambako Serikali ya Mapinduzi ilitia saini mkataba wa kwanza wa mgawanyo wa mafuta na gesi mwaka 2018, tunasema hivi: ikiwa siku moja mtaalikwa kununua hisa, msinunue kwa kusikia ngoma. Ulizeni kwanza mali iliyothibitishwa ni kiasi gani, mnunuzi wake ni nani na hulipa kwa wakati, deni la kampuni ni kubwa kiasi gani, na leseni imebakiza miaka mingapi.

Lakini yuko mwekezaji mwingine asiyetajwa sokoni. Huyo ni mwanakijiji wa Genkuru na mvuvi wa Songosongo. Yeye ametia mtaji wa ardhi, maji na bahari. Mwenye hisa akihofu huuza asubuhi na kufika kwake jioni akiwa salama; mwanakijiji hana wa kumwuzia hofu yake. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inazitaka kampuni ziandae mipango ya kuihudumia jamii pamoja na halmashauri. Mipango hiyo na isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, fedha zilizotumika zikitajwa shilingi kwa shilingi.

Mwenye hisa hupelekewa hesabu za kampuni yake kila mwaka. Mwenye ardhi naye anastahili zake.