Masizi jikoni: usingoje namba

Mzazi mmoja aliniuliza: akinunua kile kipimo kidogo cha hewa kinachouzwa mtandaoni, kitamwambia kama moshi wa jikoni unamdhuru mwanawe?

Kitamwambia nusu tu. Vipimo vingi vya bei nafuu hurusha mwanga kwenye hewa, kisha hupima mwanga unaotawanywa na vumbi. Lakini masizi ni meusi, humeza mwanga, na chembe zake nyingi ni ndogo mno. Namba inaweza kuwa ya chini huku ukuta wako ukizidi kuwa mweusi.

Hata wataalamu hupata shida. Wao huvuta hewa kupitia kichujio cheupe na kuangalia kinavyogeuka cheusi. Kikianza kujaa, kipimo husoma pungufu. Tena jiko lililopimwa maabara kwa kuni kavu si sawa na lako, lenye kuni mbichi asubuhi ya mvua.

Chukua mfano wa kibatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua humo hugeuka masizi, takriban mara 20 ya makadirio ya awali. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakisomea mwanga wake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, tazama dari na pua ya mtoto asubuhi. Anika kuni, washia moto nje, usimbebe mtoto mgongoni ukiupuliza. Na ukiweza, kibatari kiipishe taa ya sola.