Tuache Kushangilia Vita vya Wakubwa

Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashia nini? Lakini siku hizi hakuna baraza la kahawa wala kibanda cha kinyozi ambamo watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, hawagombani kwa ajili ya pilipili ya watu. Dola mbili kubwa zikitunishiana misuli huko mbali, hapa kwetu mtu na jirani yake wanaanza kununiana. Huyu wa upande huu, yule wa upande ule. Kombora likirushwa, mabega yanapigwa na vikombe vinagongwa utadhani timu yao imetia bao. Je, bao hilo limeangukia paa la nani? Hilo haliulizwi.

Kwamba damu ya binadamu ni amana ya Mwenyezi Mungu, sitapoteza wino kulithibitisha. Mlifunzwa na mama zenu kabla hamjaingia chuoni. Nataka tu kuwakumbusha Warumi na Waajemi, mafahali wawili walioligombea zizi moja kwa karibu miaka 700, ili mshangiliaji aone faida ya shangwe zake.

Angalieni Crassus. Katika Roma nzima nadra kupata aliyemfikia kwa mali, lakini hakushiba. Aliwaonea kijicho wenzake Pompey na Caesar kwa sifa zao za vita. Mwaka 53 kabla ya Kristo akauvuka mto Frati kuwavamia Waparthi, watawala wa Uajemi wakati huo, ambao hawakuwa wamemchokoza. Kwenye uwanda wa Carrhae wapanda farasi wakamzunguka na kumwaga mishale. Warumi wakajipa moyo: mishale itakwisha tu. Kumbe nyuma ya farasi ulikuwapo msafara wa ngamia waliobeba mishale mingine, shehena juu ya shehena. Yasemekana walikufa watu 20,000 na kutekwa 10,000, na Crassus mwenyewe hakurudi. Mtaka yote hukosa yote. Lakini hao 20,000 walitaka nini? Wengi wao walikuwa wana wa wakulima.

Baadaye Kaisari Trajan aliiteka Ctesiphon, mji mkuu wa Waparthi, mwaka 116. Roma ikarindima kwa furaha. Mwaka uliofuata Trajan akafa, na Hadrian aliyemrithi akaona nchi zile hazilindiki, akaziachia. Nchi zilirudishwa, waliokufa kwa ajili yake hawakurudishwa. Na zamu ya Waajemi nayo ikafika: mwaka 260 mfalme Shapur wa Kwanza alimkamata Kaisari Valerian akiwa hai, akaichonga fahari hiyo kwenye jabali la Naqsh-e Rostam. Jabali lipo mpaka leo. Dola ya Shapur iko wapi?

Lakini wakubwa wana makaburi yao na wanahistoria wao. Mimi naulizia wadogo. Ulikuwapo mji wa mpakani, Nisibis. Mara tatu Shapur wa Pili aliuzingira, na mara tatu wenyeji wake wakapanda ukutani wakamrudisha. Hawa ndio mashabiki wa kweli wa Roma, kwa damu yao, si kwa domo. Mwaka 363 Kaisari Julian akajitosa Uajemi, akauawa vitani. Jeshi likamtawaza Jovian hukohuko njiani, naye, ili apate kurudi salama, akaukabidhi mji wa Nisibis kwa adui, na wenyeji wake wahame! Wakamlilia: tuache tupigane peke yetu, hatutaki askari wako wala chakula chako. Akakataa. Ammianus Marcellinus, aliyekuwa katika jeshi hilo, ameeleza jinsi barabara zilivyojaa watu, kila mmoja na kile alichoweza kubeba, vyombo vizuri vikiachwa majumbani kwa kukosa wanyama wa kuvichukua. Shukrani ya punda ni mateke.

Waarabu nao wakaingizwa katika mkumbo huo. Ghassan wa Shamu walikuwa wa Kaisari, Lakhm wa Hira walikuwa wa Kisra, mfalme wa Uajemi. Lugha moja, mashairi mamoja, nao wakachinjana kwa niaba ya mabwana wasiojua hata kutamka majina yao. Mwaka 554 al-Harith wa Ghassan alimuua mfalme wa Hira vitani. Ujira wake? Mwanawe, al-Mundhir, alikamatwa na Warumi haohao na kupelekwa uhamishoni Sicily. Na kule Hira, Kisra Khosrow wa Pili alimwangamiza mfalme Nu'man, mtumishi wake mwenyewe, na kuufuta ufalme wa nyumba ile. Punda afe, mzigo ufike.

Sasa tazameni mwisho wake. Khosrow huyo alirudishiwa kiti chake mwaka 591 kwa msaada wa Kaisari Maurice. Maurice alipouawa mwaka 602, Khosrow akadai analipa kisasi cha mfadhili wake, akaivamia dola ya Warumi. Akaitwaa Jerusalemu mwaka 614, kisha Misri. Kaisari Heraclius akayeyusha vyombo vya makanisa apate fedha ya kulipa askari. Mwaka 626 Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi wakati huo, ilizingirwa. Mwaka uliofuata Heraclius akashinda karibu na magofu ya Ninawi. Mwaka 628 Khosrow akauawa kwa amri ya mwanawe mwenyewe. Miaka 26 ya moto, na mipaka ikarudi palepale ilipokuwa! Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Dola zote mbili zilikuwa zimekauka damu. Mwaka 636 Warumi wakaipoteza Shamu kwa jeshi la Waislamu pale Yarmuk. Mwaka 651 Kisra wa mwisho, Yazdegerd wa Tatu, akauawa ukimbizini karibu na Merv.

Najua wajuzi wa baraza watanirukia: mbona Waislamu wa Makka walihuzunika Warumi waliposhindwa, na Sura ya 30 ya Kurani ikaitwa kwa jina lao? Ndiyo. Waliwaona Warumi ni watu wa Kitabu, na washirikina wa Makka ndio waliowafurahia Waajemi. Lakini, ewe bingwa, isome sura mpaka mwisho, usikomee panapokupendeza. Amri inarudishwa kwa Mola, na msomaji anaambiwa atembee katika ardhi aangalie mwisho wa waliotangulia, waliokuwa na nguvu kumshinda yeye. Ameambiwa aangalie. Wapi ameambiwa apige makofi?

Wala sisi si wageni wa jambo hili. Mwingereza na Mjerumani walipopigana katika ardhi yetu tangu 1914, babu zetu walivishwa sare pande zote mbili na kupigana risasi wao kwa wao. Wapagazi maelfu kwa maelfu walikufa zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alirudi Berlin akapokewa kwa gwaride. Nani alimpokea mpagazi?

Na hapa nisameheni, siwezi kupita bila kulisema. Tutayajuaje haya, na vitabu vya historia vinachanwa kufungia karanga? Juzi nilinunua karanga, nikakunjua karatasi, nikakuta ramani ya bahari ya Kati, Roma imelowa mafuta. Mzazi anamnunulia mwanawe simu ya bei ya kutisha, lakini kitabu cha bei ya sahani ya wali anaona ghali! Kisha tunashangaa kijana anajua majina ya ndege za kivita za nchi kumi, na hajui babu yake alizikwa wapi. Asiyejua maana haambiwi maana.

Lakini ninyi ni watu wa akili, wazao wa watu wa jaha na murua, waliopokea wageni wa kila bahari na kuwapatanisha barazani na majumbani. Haiwafai tabia hii. Redio ikitangaza vita, ulizeni kwanza: waliokufa ni akina nani, waliohamishwa wamelala wapi, na unga utapanda kiasi gani? Waombeeni waja wa Mungu wa pande zote mbili. Anayedhulumiwa mtetee kwa haki, kwa sababu kadhulumiwa, si kwa sababu bwana wake anakupendeza. Na mwenye hoja ya kunipinga aniandikie katika ukurasa huuhuu, ila aje na jina la mdogo mmoja tu aliyetajirika kwa kumpigia makofi mkubwa.