Zambia: Sera ya umeme inaishia kwenye mita, hatari inaanzia hapo

Mwaka 2024 Zambia ilipitia mgao mkali wa umeme. Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari, na kufikia Septemba kaya nyingi zilikuwa zikipata umeme kwa takriban saa tatu tu kwa siku. Chanzo kilijulikana. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa nchi hiyo hutokana na nguvu ya maji, na akiba ya maji ya kuzalishia umeme katika bwawa la Kariba ilishuka chini ya asilimia 10 kabla ya mwaka kwisha.

Nchelenge na Kashikishi, miji iliyoshikana katika ufukwe wa Ziwa Mweru, iko mbali sana na Kariba. Mkoa wa Luapula una kituo chake cha umeme wa maji cha Musonda, kilichopanuliwa kutoka megawati 5 hadi 10, na mradi mkubwa zaidi wa mto Kalungwishi umezungumzwa kwa miaka mingi. Lakini ufukwe huo umeunganishwa na gridi ya taifa, na aliye kwenye gridi hugawana njaa yake kama anavyogawana shibe yake.

Mjadala wa kitaifa umebaki kwenye megawati na kina cha bwawa. Lisilojadiliwa sana ni kinachotokea ndani ya nyumba kila umeme unapokatika na kurejea. Unaporejea, friji na friza zote za mtaa huanza kuvuta kwa pamoja, nazo mota huvuta nguvu kubwa zaidi zinapoanza kuzunguka. Skrubu zinazobana nyaya kwenye kisanduku cha breka hupata joto na kutanuka, kisha hupoa na kunywea. Kisanduku kilichofungwa vizuri huhimili hali hiyo kwa miaka. Kilichofungwa kwa haraka hulegea, na penye ulegevu ndipo joto hupanda, plastiki hubadilika rangi na moto huanza. Harufu ya kuungua ndani ya kabati la mita, au breka iliyo moto ukiigusa, si jambo la kusubiri.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Nchini Uingereza, ambako ndiko ulikotoka mfumo wa plagi za pini tatu bapa unaotumika Zambia, kikosi cha zimamoto cha London kilihusisha mioto mingi na visanduku vya plastiki vyenye viungio vilivyolegea. Tangu Januari 2016 kanuni za huko zinataka visanduku vya majumbani viwe vya kitu kisichoshika moto, na kwa kawaida chuma ndicho hutumika.

Nchelenge, tatizo la kwanza ni la umiliki. Mita ni ya shirika la umeme, ZESCO, na lakiri yake haifunguliwi na mtu mwingine. Upande wa pili wa mita, kisanduku, nyaya na soketi ni mzigo wa mwenye nyumba. Anayelala ndani ya nyumba hiyo mara nyingi ni mpangaji, na miongoni mwa wapangaji wamo wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Pweto na Kilwa ya Kongo, kwa biashara ya samaki au kwa kukimbia vita. Wilaya hiyo ndiyo yenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018. Mgeni asiyekijua vizuri Kibemba, na asiye na mkataba wa maandishi, hana nguvu ya kumdai mwenye nyumba kisanduku kipya.

Hapo ndipo njia za mkato huingia. Fyuzi ya waya ikikatika, huwekwa waya mnene zaidi ili isikatike tena. Breka ya ampia 20 huondolewa na kuwekwa ya 32, ilhali waya uliomo ukutani ni ule ule wa milimita za mraba 2.5. Kuanzia siku hiyo, kinachoungua kwanza ni waya wenyewe. Hatari zaidi ni jenereta au inveta ya sola kuchomekwa kwenye soketi ili kuwasha nyumba nzima bila swichi ya kubadilisha chanzo. Umeme huo hurudi hadi kwenye nguzo, mahali ambapo fundi wa shirika anaamini hakuna umeme.

Kubadilisha kisanduku kwa usahihi si kazi ya mchana mmoja wa kubahatisha. Shirika huombwa kukata umeme kwanza. Fundi hupima kuhakikisha nyaya ni mfu, hulinganisha kila breka na unene wa waya wake, hupima waya wa ardhini, kisha hufunga kifaa kinachokata umeme pale miliampia 30 tu zinapovuja. Kifaa hicho humwokoa mtu, kwani breka ya kawaida hulinda waya, haimlindi mwenye mkono uliolowa maji ya samaki. Hata hivyo, kikifungwa kwenye nyumba yenye nyaya zilizochakaa kitakata kila mara, na wapo mafundi wanaoombwa wakiondoe kwa sababu "kinasumbua".

Serikali imetumia fedha nyingi kuunganisha kaya mpya, na ina wakala maalumu wa umeme vijijini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kaya hizo huhesabiwa siku ya kuunganishwa. Ukaguzi wa mara kwa mara wa visanduku vilivyozeeka, au mkopo mdogo wa kuvibadilisha unaolipwa kidogo kidogo kupitia ununuzi wa umeme, ungegharimu sehemu ndogo mno ya fedha zinazotajwa kila panapozungumzwa bwawa jipya.

Kwa familia za ufukweni, kalenda nayo haisaidii. Uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na miezi hiyo ndiyo ya mvua na radi. Fedha za kumlipa fundi huanza kupatikana Machi, nyavu zinaporudi majini.