Linux Haina Sauti? Acheni Uongo

Haya, leo nimekasirika, mtanivumilia.

Wiki iliyopita nilishuka Misikhu kutoka Kitale nikiwa na kadi ya sauti mpya mfukoni, ile ndogo ya kuchomeka kwenye USB. Nyumbani kuna mzee jirani yetu mpiga litungu. Umri umekwenda, vidole vimeanza kukataa, na wajukuu zake hawajui hata kukaza nyuzi. Nilitaka kumrekodi sasa, si mwakani. Tarakilishi yangu ni ya mtumba, inaendesha Debian, na tundu lake la maikrofoni lilikufa zamani. Ndiyo maana nikanunua kadi.

Aliyeniuzia alipoona skrini yangu akacheka. "Boss, Linux haina sauti. Niachie nikuwekee Windows, mia tano tu." Windows ya mia tano! Sote tunajua imetoka wapi.

Basi sikiliza, fundi, nawe msomaji uliyewahi kuambiwa hivyo. Tangu 1998 kuna kanuni ya wazi inayoeleza jinsi kifaa cha sauti kinavyozungumza na tarakilishi kupitia USB. Yeyote anaweza kuisoma. Kifaa kinachoifuata hakihitaji sidii wala draiva ya pekee, kwa sababu ndani ya kerneli ya Linux tayari mna moduli moja, snd-usb-audio, inayoijua lugha hiyo. Nilichomeka, nikaandika arecord -l, na kadi ikajitokeza kwenye orodha. Haikuchukua hata dakika.

Halafu nikarekodi na sikusikia kitu.

Hapa nawageukia wenzangu wa Linux, maana nanyi mmenichosha. Nusu saa nzima mzee amekaa kwenye kiti na litungu mapajani, mimi natoa jasho. Shida yenyewe? Mbili. Kwanza mfumo ulikuwa bado unasikiliza kadi ya ndani, ile mbovu. Pili, kadi mpya ilikuwa imezibwa mdomo. Dawa ni kufungua alsamixer, kubonyeza F6 uchague kadi, F4 uone upande wa kurekodi, halafu mwambaa wa nafasi kuwasha, na ukiona MM bonyeza M. Kisha arecord -D plughw:1,0 -f cd jaribio.wav, ambapo 1 ni namba ya kadi kwenye ile orodha. Basi! Lakini mgeni atajuaje? Akiuliza mnamwambia "soma manuali", manuali ya Kiingereza, yeye ananunua bando la siku moja.

Na akitafuta mtandaoni anakuta makaburi. ALSA iliingia kwenye kerneli 2.6 Desemba 2003 ikachukua nafasi ya OSS. Ubuntu ikaleta PulseAudio mwaka 2008, watu wakalia, wakaandikiana ushauri wa kuing'oa. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na PipeWire katika Fedora na Ubuntu, lakini ule ushauri wa 2008 bado uko pale pale, na ukiufuata leo utavunja mashine iliyokuwa nzima. Hakuna anayefagia.

Hata hivyo mkosaji mkubwa si sisi. Ni mtengenezaji anayeficha jinsi chipu yake inavyofanya kazi, au anayebadilisha chipu ndani ya boksi lile lile, jina lile lile. Laptopu nyingi za karibuni zenye chipu za Intel hazitoi sauti mpaka zipewe faili ndogo ya kuziamsha, na faili hiyo lazima iwe na saini inayokubaliwa na maunzi yenyewe. Huwezi kujiandikia yako ukaitia, hata kama mashine umeinunua kwa pesa zako. Kwa miaka mingi Debian walikataa kuweka faili za namna hii zisizo huria kwenye diski zao za kusakinishia. Mwaka 2022 wakapiga kura wakakubali, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Wengine waliita usaliti. Mimi sikuita hivyo. Mtu mwenye laptopu bubu kijijini hali msimamo.

Kwa hiyo msilipe kwanza. Nendeni dukani na tarakilishi yenu, au na flashi yenye Linux, mchomeke kadi pale pale kaunta, mwandike arecord -l. Isipojitokeza, irudi rafuni kwake. Muuzaji akinuna, mwacheni anune, duka la pili haliko mbali. Wakirudishiwa boksi za kutosha wataanza kuuliza wanachoagiza.

Yule mzee alipiga nyimbo nne kabla stima haijapotea. Wa tatu una honi ya matatu ya Webuye katikati. Sitaifuta.