Mtoto wa Kashebere anangoja jibu la nani?



Mnaijua ile poda. Siku matokeo ya Exetat yanatoka, mtu anasoma namba yake kwenye simu, anapiga kelele, na nusu saa baadaye uso na nguo vyote ni vyeupe. Motari wanapiga honi, mama anaimba barabarani. Ni siku nzuri na hatutaki kumuharibia mtu. Lakini poda inanawiwa jioni. Kesho yake asubuhi finalisti anaamka na kuuliza: sasa naenda wapi? Kwetu hakuna mtu ambaye kazi yake ni kumjibu.

Tuchukue mfano wa Kashebere, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanzia. Mapigano yamepita kwenye hiyo barabara ya Nyabiondo mara ngapi, hata wazee wameacha kuhesabu. Watu wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena na godoro kichwani. Finalisti wa huko unaweza kumkuta alisoma darasa la tano kwao, la sita kwa shangazi yake, na mtihani akaufanya kwenye senta ambayo hajawahi kuiona. Karatasi zake zinasahihishwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka nyumbani. Na bado anapata asilimia 60 na kitu! Kwenye karatasi, hiyo 60 ya Kashebere ni sawasawa na 60 ya Gombe. Ni baada ya karatasi ndipo mambo yanaachana.

Unif inataka nini? Buletini za miaka ya mwisho, atestasio ya kufaulu, cheti cha kuzaliwa, mapicha, na feza ya inskripsio kwa dola, ambayo hairudi hata kama hawakukuchukua. Sawa, kila chuo kina sheria yake. Ila buletini ilibaki kwenye nyumba iliyochomwa. Ao iko kwa perefe, na perefe haitoi mpaka minervali ya muhula wa tatu ilipwe. Ao perefe mwenyewe alikimbia na mafaili hayajulikani yako wapi. Diplome yenyewe tusiizungumzie sana: kati yetu tunaoandika hapa kuna mmoja ambaye ana lisansi mkononi na diplome yake ya sekondari bado hajaigusa. Alisoma miaka yote na kikaratasi cha muda, kimekunjwa mpaka kimekuwa kama kitambaa.

Ndipo kungoja kunaanza. Kaka mkubwa aliye Goma anaulizwa kila jumapili: "Kaka, liste imetoka?" Haijatoka. Kijana anapanda kilima kutafuta mtandao, anashuka. Mama ameweka mbuzi mmoja pembeni, hauzwi na haliwi, ni wa tranche ya kwanza, na hakuna anayejua tranche ya pili itatoka wapi. Mwezi wa kumi unapita. Wenzake wa mjini wameanza masomo. Yeye bado hajaambiwa ndiyo wala hapana.

Tuseme wazi kitu ambacho watu wanakisema chinichini tu. Katika huo mwezi wa kungoja, kuna wengine ambao hawangojeshi mtu. Kundi lenye silaha haliombi buletini wala atestasio, linajibu siku ileile. Shimo la koltani kule Rubaya pia linajibu siku ileile. Hatumtukani kijana aliyeenda, tunajua njaa ni nini. Tunakasirika juu ya kitu kimoja: nchi ilimpa mtoto asilimia 60, kisha ikanyamaza, na aliyemjibu wa kwanza ni mwenye bunduki.

Mtu atasema: lakini bursi ziko! Ni kweli, ziko, na hatuzidharau. Kuna Excellentia ya fondasio ya mke wa rais, inachagua wenye alama za juu kabisa kwenye Exetat. Kuna BEBUC inayosaidia wanafunzi bora kwenye vyuo vikuu vya Kongo. Kuna DAFI ya HCR, tangu 1992, lakini hiyo imetengenezwa kwa wakimbizi waliovuka mpaka. Angalia hapo maajabu yake. Kijana wa Kashebere akikimbilia Goma ao Minova hajavuka mpaka wowote, basi hayumo. Akitembea mpaka Nakivale, Uganda, hapo anakuwa mkimbizi na anaweza kuomba. Hatulaumu HCR, hiyo ndiyo kazi yake. Tunauliza ni nani aliye na kazi ya kumwangalia huyu aliyebaki ndani ya nchi yake. (Na bursi za waheshimiwa zinazoonekana miezi mitatu kabla ya uchaguzi, hizo tuziache, mnazijua kuliko sisi.)

Jirani zetu si mbinguni. Wakenya wana HELB tangu 1995, Watanzania wana HESLB iliyoanza kazi 2005, na kila mwaka wanafunzi wao wanapiga kelele: mkopo umechelewa, mkopo ni kidogo. Mwezi wa 12 mwaka 2024 mahakama kuu ya Nairobi ilisema mpango mpya wa kugharamia vyuo vikuu unavunja katiba. Ni ugomvi kweli. Lakini wanagombana na ofisi yenye mlango, yenye liste, yenye tarehe. Unaweza kuishtaki. Sisi tungemshtaki nani?

Na haikuwa hivi siku zote. Wazee waliosoma wanakumbuka bursi ya serikali. Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969, wanafunzi wa Lovanium waliteremka katikati ya Kinshasa, na bursi ilikuwa moja ya mambo waliyodai. Askari waliwapiga risasi, kuna waliokufa. Miaka 2 baadaye, wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu wao, Mobutu aliwaingiza jeshini kwa nguvu. Leo hatuna hata bursi ya kugombania. Ilikufa polepole, mzigo ukawekwa kichwani kwa mzazi, na tukazoea. Masomo ya bure yaliyoanza mwezi wa 9 mwaka 2019 ni ya shule ya msingi, kama katiba inavyosema kwenye artikeli ya 43. Ni vizuri. Yanaishia hapo.

Feza je? Walikale hiyohiyo iko na Bisie, mgodi mkubwa wa bati. Mwezi wa 3 mwaka 2025 vita ilipokaribia Walikale-centre, kazi ya mgodi ilisimama. Mwezi wa 4 ilirudi. Kumbe kitu kikitakiwa kinarudi haraka! Sheria ya madini ya 2018 inasema: katika redevansi ya madini, asilimia 15 ni ya sekta ao sheferi mahali mgodi uko, na asilimia 25 ni ya provensi. Juu ya hiyo, kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa hapo. Tunajua hizo feza zina kazi nyingi: barabara, maji, hospitali. Tunajua pia Kashebere haiko mlangoni pa mgodi, na ndiyo maana tunaitazama ile 25 ya provensi. Kipande kidogo tu, chenye liste inayobandikwa ukutani, majina na vigezo, kingesomesha wauguzi na walimu wa vijiji vyetu.

Tunajua komenti itakayokuja: "Nyinyi wenye lisansi, mko wapi? Si mnauza uniti!" Ndiyo, tunauza uniti, na mmoja wetu anaendesha pikipiki isiyo yake. Hatusemi unif inaleta kazi, tungekuwa waongo. Tunauliza tu: mwalimu wa hesabu wa Kashebere wa mwaka 2032 atatoka wapi? Mkunga je? Mtu wa mjini hataenda kukaa kule. Atakuwa mtoto wa palepale ao hatakuwapo.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji muujiza. Wizara ya elimu ya juu na vyuo vya serikali viwaandikishe kwa muda vijana waliokimbia vita bila buletini, kwa matokeo ya Exetat ambayo Kinshasa inayo tayari, na karatasi zifuate baadaye. Perefe asizuie buletini ya mtoto ambaye wazazi wake wamepoteza shamba. Provensi itangaze kama ina feza ya bursi ao haina, na itaje tarehe. Hata "hapana" tunaipokea: mbuzi atauzwa, mama ataanza biashara ndogo, kijana atajipanga vingine. Yule asiyejibiwa anabaki amekaa tu, na tumekwisha kusema nani anakuja kumchukua hapo alipokaa.

Sisi wenyewe tunaanza hivi. Tunaandika liste ya mafinalisti wa mstari wa Nyabiondo–Kashebere–Walikale waliofaulu na hawajaingia unif. Kama ni wewe, ao mdogo wako, utuandikie inbox mambo manne tu: shule, opsio, mwaka, na karatasi gani inakosekana. Jina litabaki kwetu, hatutaliweka hapa. Usitume picha ya diplome na usitume hata franga moja, sisi hatutoi bursi na hatuchukui feza ya mtu. Yeyote anayekuandikia WhatsApp kwamba bursi yako imekubaliwa, ulipe kwanza "frais ya faili", ni mwizi. Umtumie namba yake rafiki yako pia, asidanganywe.