Kwani Tochi Ni Bunduki? Acheni Kupanga Vitu vya Seva Kivivu

Kwenye GTA V, tochi ni silaha. Si utani. Jina lake ndani ya gemu ni WEAPON_FLASHLIGHT. Mtungi wa petroli ni WEAPON_PETROLCAN, ule wa kuzimia moto ni WEAPON_FIREEXTINGUISHER, na spana ya fundi ni WEAPON_WRENCH. Kwa injini ya gemu hiyo ni sawa, juu kwake "silaha" ni kama kitu chochote unashika mkononi na kubonyezea kitufe. Haijui fundi wala mwizi, na haina haja ya kujua.

Shida ni nyinyi wenye seva za FiveM, zile za kuigiza maisha, watu wanafanya kazi, wanalipa nyumba, wanashikwa na karao. Mnachukua neno la injini mnaligeuza kuwa sheria ya mji mzima.

Chukua QBCore. Vitu vimeorodheshwa kwenye faili moja, na kila kitu kina sehemu inaitwa type. Majibu unayokuta hapo ni mawili: item ama weapon. Basi. Sandwichi ni item. Chupa ya maji ni item. Lockpick, ile ya kufungulia gari la wenyewe, pia ni item. Yaani kwa macho ya skripti, sandwichi na kifaa cha mwizi ni ndugu wa tumbo moja, halafu spana ya fundi inakaa meza moja na bunduki.

Sasa angalia venye hii inaumiza mchezaji. Mtu ameingia mara ya kwanza, amechagua kazi ya fundi. Amesimamishwa kwa kizuizi cha polisi. Askari amebonyeza "nyang'anya silaha" na skripti imeuliza swali moja tu: type ni weapon? Spana imeenda. Tochi imeenda. Mtungi wa petroli wa kuokoa gari iliyozimika umeenda. Nyuma yake kuna jamaa na lockpick kumi mfukoni, anapita akipunga mkono. Nimeona hii kwa seva moja mara nyingi hadi nikaacha kuingia. Fundi akilalamika anaambiwa na admini ati azoee, mtaa ni mgumu. Bana, huo si ugumu wa mtaa. Ni faili haijapangwa, na aliyelipia hiyo faili ni msee aliyetumia bando yake kuja kwako.

Wengine mnajaribu kurekebisha kwa kuongeza masanduku: zana, chakula, dawa, haramu. Kisha mnabishana usiku mzima panga liende wapi. Kwani panga nyumbani kwenu ni nini? Asubuhi linafyeka nyasi, saa sita linapasua kuni, usiku mtu akiruka ukuta ni kitu kingine kabisa. Panga ni lile lile. Ukililazimisha kwa sanduku moja, lazima skripti fulani ipate jibu la uongo.

Muulize mama wa mitumba Gikomba. Shati moja kwake ni la mtoto, ni la pamba, na ni kamera, yote kwa wakati mmoja. Hajawahi kuchanganyikiwa. Fanya hivyo hivyo kwa Lua:

panga = { silaha = true, kilimo = true, chuma = true }

Polisi wanauliza lebo ya silaha pamoja na kazi ya mtu. Duka la mkulima linauliza kilimo. Mnunuzi wa vyuma chakavu anauliza chuma. Hakuna skripti inayohitaji kujua neno "panga", na kesho ukiongeza jembe hugusi faili tano ukisahau moja.

Minecraft walishafika hapa. Kabla ya toleo la 1.13, mwaka 2018, mbao zote zilikuwa namba 5 na kinamba kingine kando cha kuonyesha ni za mti gani. 1.13 ikaleta majina kamili na lebo, na minecraft:planks ikabeba mbao zote. 2020 zikaja mbao mbili za Nether, 2022 za mikoko (ndio, miti ya Lamu), 2023 za cheri. Aliyeuliza "ina lebo ya mbao?" hakubadilisha mstari hata mmoja. Aliyeorodhesha jina moja moja alirudi kazini kila mara.

Najua mtasema lebo zinalemea seva. Uongo. Meza ya Lua inaruka moja kwa moja kwa ufunguo ulioutaja, haipitii orodha nzima. Seva ikiwaka, pitia vitu vyote mara moja tu, ujenge orodha ya kila lebo, umemaliza.

Pingamizi moja naiheshimu. Lebo zikiachwa hivi hivi zinageuka fujo. Mmoja anaandika silaha, mwingine silaa, na Lua haitapiga kelele: itakurudishia nil kimya kimya na bastola inapita kizuizini kama maandazi. Kwa hivyo andika lebo zote halali mahali pamoja, na kitu kikija na lebo isiyojulikana seva ikatae kuwaka. Ndio, utaudhika. Afadhali uudhike wewe saa nane usiku kuliko wachezaji hamsini Jumamosi jioni. Na ukaguzi ufanyike upande wa seva, tafadhali. Chochote ulichoacha kwa kompyuta ya mchezaji, mjanja ameshakibadilisha.

Wale wa "tutapanga baadaye", sikieni. Leo una vitu sitini na jioni moja inatosha. Vikifika mia nane, na magari, madawa na nguo za watu ziko ndani ya database, hakuna mtu atagusa hiyo faili, utaanza kutafuta msee wa kulipa, na mimi bei yangu si ya urafiki.